Mboga ya Pwani Haikuwa Yangu

Mama mmoja wa mtaa wetu huku Kihonda amefariki dunia. Aliugua kifua kwa majuma matatu, akafia hospitalini, na Alhamisi ya wiki iliyopita tukamzika. Wengi wenu mnaosoma safu hii hamkumjua, na kosa la kutomjua si lenu, ni langu. Miaka miwili iliyopita mlisoma hapahapa habari za mmea wenye majani manene unaoota kwenye ardhi ya chumvi. Baadhi yenu mlinipigia simu, wengine mlikuja mpaka nyumbani kuchukua vipande vya kwenda kupanda, mkanishukuru. Mmea ule ulikuwa wa mama huyu, pamoja na kila kitu nilichokijua juu yake. Mimi niliandika kana kwamba ni wangu. Leo nimekaa kuandika habari zake, na naomba mnivumilie, maana kalamu inakwenda taratibu na mara mbili tayari nimeinuka na kurudi.

Viwanja vyetu vimepakana. Katikati kuna ua wa michongoma ambao ukisimama unamwona mwenzako kuanzia kifuani. Alinizidi umri kwa miaka kumi na mitano hivi, kwa hiyo kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye alijibu marahaba bila kuinua kichwa, kwa kuwa saa hiyo alikuwa ameshainama kwenye kishamba chake. Alizaliwa juu kwenye milima ya Uluguru, akaolewa na mtu aliyefanya kazi katika mashamba ya chumvi huko pwani, akaishi huko zaidi ya nusu ya maisha yake akikusanya chumvi kwa reki pamoja na mumewe. Mume alipofariki, akarudi Morogoro. Magoti hayakumruhusu tena kupanda mlima, ndipo binti yake akamjengea vyumba viwili huku chini. Wanaoijua sehemu yetu wanajua ilivyo. Ukichimba kisima maji yanatoka, lakini ukiyaonja unatema. Kiangazi kikikaza, ardhi inatoa unga mweupe juu yake, na mbegu ukizifukia humo ni kama umezizika. Mimi nilikuwa nimepanda mchicha mara tatu na mara zote tatu sikula hata tonge moja.

Siku niliyomwona akichomeka vijiti vya kijani kwenye ule weupe, nilisimama upande wangu wa ua nikacheka.

"Mama, hayo si magugu?"

"Ni magugu," akajibu. "Wewe mchicha wako uko wapi?"

"Umekauka."

"Wa kwanza ulikauka, nilikuona unaung'oa. Wa pili na wa tatu ilikwenda wapi, likizo?"

Akajinyoosha, mkono kiunoni, akaniangalia kama mwalimu anayemwangalia mtoto aliyefika shuleni bila daftari. "Zunguka uje uyaone magugu, mwanangu. Kuangalia hakuchoshi."

Nikazunguka. Alikuwa amerudi pwani kusalimia wakwe, akarudi na mfuko wa vipande vya mmea unaotambaa kandokando ya mashamba ya chumvi, pale ambapo hakuna kingine kinachokubali kuota. Yeye aliuita mboga ya pwani, basi. Jani lake ni nene kama limenyweshwa maji, na ukilitafuna linakuwa na chumvi kabla hujaliweka jikoni. Alinionyesha namna ya kukata kipande cha urefu wa kidole, chini kidogo ya kifundo, kwa sababu mizizi hutokea kwenye kifundo. Kipande hakipandwi siku hiyo. Kinalazwa kivulini siku mbili mpaka kidonda kikauke, kwani ukikipanda kibichi kinaoza. Unachanganya mchanga kwenye udongo ili maji yasisimame, unakichomeka, unamwagilia kidogo, halafu unakiacha kijitafutie chenyewe. Kiu ya mmea huo unaijua kwa kubonyeza jani. Likiwa gumu, mwache. Likiwa limenywea kama kidole kilichokaa sana majini, mpe. Alisema "mpe" na "mwache" kama anayezungumza habari za mtu, na baada ya muda hata mimi nilijikuta nikisema hivyo. "Watu wanaua mimea hii kwa huruma," aliniambia. "Mtu anaona jua kali, anaikimbilia na ndoo. Huyu hahitaji huruma yako. Amelelewa kwenye shida."

Kulikuwa na jambo jingine alilonifundisha, nami nililisikia kwa sikio moja. Kila alipochuma au kupunguza matawi, hakuacha hata jani moja liangukie chini. Aliokota yote akayatia kwenye kiroba. Machanga yalikwenda jikoni, anayachemsha na kumwaga maji ya kwanza, kisha anayaunga kwa nazi bila kutia chumvi. Yaliyokomaa alimpa mfuga mbuzi wa mtaa wa pili. "Kinachokatwa hapa kitoke nje ya shamba," alikuwa akisema. Nilidhani ni usafi tu wa mama wa makamo yake, kama vile alivyokuwa akifagia uwanja mara mbili kwa siku. Miaka ilipita. Masika ya nne yalipokwisha, alilima kona moja ambako mboga ya pwani ilikuwa imetambaa tangu mwanzo, akamwaga mbegu za mchicha, na ule mchicha ukasimama. Akaniita uani, akanipa fungu zima. "Mpelekee mke wangu huyo," akasema, maana alimwita mke wangu mkewe kwa utani. "Mwambie asikuonjeshe mpaka uombe radhi kwa lile neno magugu." Tulicheka mpaka akashika ua kwa mkono, ukamchoma.

Sasa nifike kwenye gazeti. Wiki ile sikuwa na cha kuandika. Nikaandika habari za mmea. Mnajua desturi ya safu hii, kwamba simtaji mtu kwa jina, na desturi hiyo ilinipa mahali pazuri pa kujificha. Nilianza vizuri. Sentensi ya kwanza kabisa ilisema "jirani yangu mmoja", na ninayo bado kwenye daftari nililoandikia. Nikaisoma, nikaikata, nikaandika "nimekuwa nikijaribu". Baada ya hapo yote yalifuata yenyewe: nimegundua, nimeona, nawashauri. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu si la kujivunia. Mimi niliishia darasa la saba. Nilikuwa mtunza stoo kiwandani kwa miaka mingi, nikaanza kutuma barua kwenye ukurasa wa wasomaji, na kwa rehema za mhariri mmoja barua zikawa safu. Katika maisha yangu yote nimeandika yale ambayo watu wengine wanayajua. Kwa mara moja nilitaka niwe mimi ninayejua. Na kwa kuwa mtu anayejua huwa na ushauri wake mwenyewe, nikaongeza wangu. Niliwaambia mkipunguza matawi myaache chini yafunike udongo, yawe matandazo. Kila mtu aliyelimia mlimani anafundishwa hivyo na bwana shamba, na mlimani ni kweli. Nililiandika bila kumuuliza mtu, likapendeza, likachapwa.

Mkanisifu. Mhadhiri mmoja wa chuo akaja na wanafunzi wake, wakapiga picha kitalu changu, ambacho kilitokana na vipande vya upande wa pili wa ua. Mhadhiri yule, mtu wa adabu sana, aliniita mtaalamu. Sijawahi kuitwa hivyo. Nikajisikia nimerefuka. Yeye mama alikuwa upande wake akianua nguo, akawakaribisha wageni kama anavyofanya mtu mwenye malezi. Msichana mmoja kati ya wanafunzi akaona mmea uleule kwake, umetanda vizuri kuliko wangu, akamuuliza, "Shikamoo bibi. Na wewe umefundishwa na huyu mzee?"

Alisema marahaba. Kisha hakumjibu yule binti, alinitazama mimi. Hakunikodolea macho, hakukasirika. Alishika shuka mkononi akanisubiri, kama unavyomsubiri mtu aliyekuwa karibu kusema. Mimi nikaangalia chini nikajifanya naokota jani. Ndipo akamwambia binti yule, "Tunasaidiana, mjukuu wangu," akaendelea kuanua nguo zake. Wageni wakacheka kwa upole, nami nikacheka nao.

Baada ya mvua za mwaka uliofuata akanipigia simu mtu mmoja wa upande wa Turiani, mwenye kipande cha jaruba la mpunga kilichoharibika kwa chumvi. Alikuwa na sauti ya unyenyekevu, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mzee, nimefuata kila kitu ulichoandika. Mmea umeota, sikatai. Lakini nimepanda mboga nyingine pale, zimekufa, na ule weupe umekuwa mwingi kuliko mwanzo. Nimekosea wapi?" Nikamwambia nitafanya uchunguzi. Uchunguzi wenyewe ulikuwa kuzunguka ua.

"Kuna mtu," nikamwambia mama, "mmea wake umeota ila ardhi haiponi."

"Majani anapeleka wapi?"

"Anayaacha chini. Matandazo."

"Nani amemwambia?"

Ningeweza kusema sijui. Hilo sikulisema, na ni jambo pekee katika habari hii yote ambalo nililifanya sawa. "Mimi," nikasema. "Niliandika gazetini."

Akakaa juu ya ndoo aliyoigeuza. Akaniambia taratibu, kama anayemwambia mtu asiyesikia vizuri, kwamba mmea ule unanyonya chumvi ardhini na kuiweka kwenye majani, na ndiyo maana majani yana chumvi. "Sasa ukiyaacha yaoze palepale, umeitoa chumvi kwa mkono huu ukairudisha kwa mkono huu. Mlimani kwetu tunatandaza, ndiyo, kule hakuna chumvi. Mimi nilikwambia kitoke nje. Hukunisikia?"

"Nilisikia, mama. Sikuelewa."

"Basi mpigie mtu wa watu simu. Usimwache anahangaika na shamba." Hakugusa kabisa habari ya gazeti, nami nikaondoka nikijipa moyo kwamba huenda hakujua nilivyoandika, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusoma. Nikampigia yule wa Turiani, nikamweleza. Ninyi wengine sikuwaeleza. Ili niwaeleze ilinibidi niseme kosa limetokea wapi, na ili niseme hivyo ilinibidi niseme elimu yenyewe ilitoka wapi. Kwa hiyo nikaacha wasomaji wangu waendelee kurudisha chumvi kwenye mashamba yao, ili mimi niendelee kuitwa mtaalamu.

Alipolazwa nilikwenda kumwona mara moja. Kulikuwa na akina mama wa jumuiya wamezunguka kitanda, wanasali. Aliniuliza kama nimepunguza matawi kabla ya jua kukaza. Nikamwambia bado, akatikisa kichwa kama aliyelitegemea jibu hilo. Nilikuwa nimekwenda na maneno yangu tayari, nikayarudisha nyumbani kwa sababu kulikuwa na watu. Nilisema nitakuja tena wakiwa wamepungua.

Sisi tuliozaliwa huku tunajua kwamba kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na msemaji wa msiba wake hakuwa mwingine ila kaka yake, mjomba wa watoto, aliyeshuka kutoka mlimani akiwa na koti zito ambalo huku chini lilimtoa jasho. Jeneza lilikuwa chini ya turubai mbele yetu. Baada ya wasifu kusomwa akashika kipaza sauti. Alisema dada yake hakubahatika kusoma, lakini Mungu alimpa jirani mwema, mwandishi wa gazeti, aliyemfundisha kilimo cha kwenye ardhi ya chumvi, kilimo kilichompa heshima uzeeni. Alisema aliisoma habari hiyo gazetini kwa macho yake, na akawasomea watu wa ukoo. "Yuko hapa," akasema. "Baba, simama, watu wakuone. Tunakushukuru kwa kumfundisha dada yetu."

Nikasimama.

Sina cha kuongeza hapo. Nilisimama mbele ya jeneza lake, nikainamisha kichwa, watu wakasema asante, nikakaa. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami alinishika mkono akaubana, akidhani machozi yangu ni ya msiba tu.

Siku ya kuanua tanga, watu walipoanza kuaga, nilimfuata binti yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa anakung'uta mikeka. Nikamwambia, mwalimu, nina neno, na kabla sijalitoa akasema, "La gazeti?"

Nikauliza anajuaje.

"Mimi ndiye niliyemsomea mama. Nilipomaliza akaniambia nirudie. Alidhani nimeruka mstari."

Nilishindwa kumtazama. Nikamuuliza mama alisema nini.

"Alisema, huyu atasema mwenyewe, ni aibu tu inamshika. Basi kila gazeti lako lilipotoka, mimi nikija Jumapili ananiuliza, 'Leo kasema?' Namwambia bado. Anasema haya, nisomee hivyohivyo alichoandika." Akakunja mkeka, akauweka juu ya mwingine. "Wiki aliyolazwa pia aliuliza."

Nikamwomba msamaha. Alinijibu bila hasira, nami ningependa angekuwa na hasira. "Baba, mimi nikikusamehe hapa uani itasaidia nini? Hukukosea hapa uani. Ulikosea gazetini, kaandike gazetini. Na mjomba umfuate huko juu umwambie kwa mdomo wako, maana alikusimamisha kwa kuamini maandishi yako." Nikamuuliza kama safari hii niliandike jina la mama yake, nivunje desturi. Akafikiri, akakataa. "Hakuulizia jina. Aliuliza kama umesema ukweli."

Nimekaa na maneno hayo siku kadhaa. Nikiangalia nyuma naona jambo nililolifanya si geni hapa kwetu. Ni mara ngapi fundi anachora njia ya maji kwa kijiti mavumbini, na kwenye bango la mradi anaandikwa mwingine? Ni mara ngapi mtu anakwenda kijijini na daftari tupu, anarudi nalo limejaa, halafu kwenye semina anasema "nimebaini"? Mimi nimewahi kuwasema watu wa namna hiyo katika safu hii, kwa ukali. Nilikuwa nikiwaona ni wasomi wanaotudharau sisi wa darasa la saba. Sikujua kwamba mtu wa darasa la saba akipewa kalamu na nafasi anaweza kumfanyia vilevile mtu ambaye hakupita hata hilo la saba. Tena anaumiza zaidi, kwa sababu anamfanyia aliyemkaribisha akamwita mwanangu. Na wizi wa namna hii hauishii kwa aliyeibiwa. Mwenye kujua anajua pamoja na sababu. Mimi nilichukua maneno nikaacha sababu, na ndiyo maana nilipoongeza langu nikaharibu mashamba ya watu.

Jana Jumamosi nilipanda mlimani kwa mjomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: kwa nini niliposimamishwa sikusema palepale, wakati watu wote walikuwepo na dada yake yupo mbele yetu? Nilimwambia niliogopa. Akasema, "Sasa watu wale nitawapata wapi tena wote pamoja?"

Kwa hiyo wasomaji wangu, mmea wa mboga ya pwani sikuugundua mimi. Nilifundishwa na mama wa Kihonda aliyejifunza kwa macho yake kwenye mashamba ya chumvi, na aliyetoa kila alichokijua bila kuombwa mara mbili. Wale mliofuata ushauri wangu wa kuacha majani chini, ushauri ule ulikuwa wangu peke yangu na ulikuwa mbaya. Yakusanyeni, yatoeni nje ya shamba, na kila mtakachokata tangu sasa kitoke nje. Na kama kuna kazi mnayosifiwa ambayo mlifundishwa na mtu aliye hai, msingoje wageni wapungue. Semeni mbele ya haohao wanaowasifu, naye akisikia. Mimi nilikuwa na nafasi kila wiki kwa miaka miwili, na kila Jumapili palikuwa na mtu anauliza kama nimesema. Leo nimesema, mama, na hakuna anayeuliza.